Mpira mmeupima kwa gramu, jicho la mwanangu je? Barua ya wazi kwa kamati ya hurling ya kaunti yetu

Kwa: Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wote wa kamati ya kaunti

Nakala: makocha, waamuzi, na kila mzazi ambaye mtoto wake anashika gongo

YAH: HELMETI ZILIZOKATWA VYUMA NA VIFAA VISIVYOIDHINISHWA KATIKA MECHI ZA WATOTO

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Ndugu wajumbe,

Nawasalimu kwa heshima zote.

Hii ni barua yangu ya nne kwenu. Tatu za mwanzo niliziandika kwa Kiingereza: ya Aprili, ya Juni na ya Agosti. Ya kwanza mlinijibu kwamba imepokelewa. Ya pili mlinijibu kwamba imepelekwa panapohusika. Ya tatu hamkuijibu kabisa, kwa hiyo nadhani hiyo ndiyo iliyofika panapohusika. Nimepigwa danadana miezi saba, na sasa naona heri tuongee mbele za watu.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Nyinyi mtatafsiriwa, msiwe na wasiwasi. Mwanangu ana miaka 12, na lafudhi yake ni ya kwenu kabisa. Lakini wapo wazazi kutoka Tanga, Mombasa, Bukavu na Bujumbura ambao watoto wao wanacheza kwenye timu zenu za wadogo, na kila msimu wanasaini fomu za Kiingereza wakiwa wamesimama kwenye matope, mtoto anavuta mkono, kocha anaangalia saa. Nami nilisaini hivyo hivyo. Kilichoandikwa mle ndicho kilichoniponza, na sitaki kiwaponze na wao.

Kwa wasioujua mchezo huu: hurling ni mpira wa magongo wa Waayalandi, ila msiufikirie kama ule wa magongo tunaoujua sisi, ambao mpira hutambaa chini. Huu hupigwa hata ukiwa hewani, kwa gongo la mti lenye bapa mwishoni. (Nikisema gongo simaanishi lile la kunywa, ingawa baada ya mechi za watu wazima nimeona yanakaribiana.) Kila upande una wachezaji 15, na uwanja ni mrefu kuliko wa soka, unafika hadi mita 145. Mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mwamba ni moja. Mpira wenyewe, wanaouita sliotar, ni mdogo wa kujaa kiganjani, umevikwa ngozi yenye mshono ulioinuka, na mtu mzima akiupiga sawasawa unakwenda zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Chama chao cha michezo ya jadi, GAA, kilianzishwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mchezo huu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Na hakuna anayelipwa mshahara kwa kuucheza. Yule anayeshangiliwa Jumapili ndani ya Croke Park, uwanja wa watu 82,300, Jumatatu asubuhi utamkuta darasani anafundisha hesabu.

Nayasema haya ili mjue siwaandikii kama adui wa mchezo. Tulipohamia hapa Ayalandi mwanangu alikuwa na miaka saba na hakuwa na rafiki hata mmoja. Mzee mmoja wa klabu alimkuta amesimama nje ya uzio, akaenda kwenye gari lake, akatoa gongo. Alilipunguza hapo hapo kwa msumeno lifike usawa wa nyonga ya mtoto, akauviringishia mpini utepe wa buluu, akamkabidhi. Hakutaka senti. Mwanangu anamwita mzee yule babu, na mimi sijawahi kumsahihisha.

Ndiyo maana jambo hili linaniuma zaidi. Lingekuwa la watu baki ningelimeza.

KILICHOTOKEA

Ilikuwa Jumamosi ya Machi, mechi ya kirafiki ya watoto. Helmeti ya mwanangu ilikuwa imesahaulika kwenye gari la mzazi aliyewabeba wiki iliyotangulia. Kocha akasema hakuna shida, akaingiza mkono kwenye mfuko mkubwa wa klabu, akatoa helmeti nyekundu, akamvisha na kumfunga kamba ya kidevuni. Mimi nilikuwa pembeni ya uwanja na chupa yangu ya chai. Niliona. Nikafurahi kwamba mtoto hatakosa mechi.

Kipindi cha pili mpira ulinasa kwenye matope, watoto wanne wakauzunguka, magongo yakawa yanakwenda kama michi kwenye kinu kimoja. Mtoto mmoja wa upande wa pili, na simlaumu hata kidogo, aliinua gongo lake ili ajitoe pale. Ncha ya mpini ikaingia kwenye helmeti ya mwanangu na kumfika chini ya jicho la kushoto.

Hakulia. Alikaa chini, akaitoa helmeti taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayetua ndoo ya maji asiimwage. Ndipo nilipoiona damu.

Alishonwa nyuzi sita. Daktari aliniomba aione helmeti. Aliigeuza, akapitisha vidole vitatu katikati ya vyuma vya usoni, vikaingia hadi mwisho bila kugusa popote. Akaniuliza, "Hii mliinunua hivi?" Nikamwambia ni ya klabu. Hakusema kitu, aliandika tu.

Usiku ule niliiweka juu ya meza ya jikoni, nikaichunguza chini ya taa. Chuma cha pili kutoka juu, upande wa kushoto, kilikuwa kimekatwa kwa msumeno wa chuma. Vishina vilivyobaki vilipigwa tupa, kisha vikafungwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Kishina kimoja utepe ulikuwa umebanduka na chuma kimeanza kushika kutu. Kwa hiyo haikukatwa jana wala juzi. Ilikuwa imeshapita vichwa vingi kabla ya kufika kwenye kichwa cha mwanangu. Na ndani yake, juu ya sponji, kibandiko cha ubora kilikuwa bado kipo, kimeandikwa I.S. 355, safi kabisa. Kibandiko hakikuwa kinadanganya. Kilikuwa kinasema kweli ya siku ile helmeti ilipotoka kiwandani.

HOJA ZANGU

1. Helmeti zilizochezewa zinajulikana, na mnazifumbia macho.

Tangu tarehe 1 Januari 2010, kila mchezaji wa hurling, mkubwa kwa mdogo, analazimika kuvaa helmeti yenye kinga ya uso, mechini na mazoezini. Na si helmeti yoyote tu. Inatakiwa ifikie kiwango cha I.S. 355, ambacho kimewekwa na mamlaka ya viwango ya Ayalandi, NSAI. Kinga ya uso ni sehemu ya kiwango hicho. Nafasi kati ya chuma na chuma iliwekwa kwa hesabu, gongo lisipate pa kupita. Ukikata chuma kimoja, au ukitoa kinga ya kiwanda kimoja na kuifunga kwenye helmeti ya kiwanda kingine, hicho ulichovaa kichwani si kifaa kilichopimwa tena. GAA wenyewe wameonya kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja.

Kila mtu uwanjani anajua kwamba vyuma hukatwa. Sababu wanaitaja bila aibu: eti mtu aone mpira vizuri. Nimehesabu mwenyewe, msimu huu, kwenye mechi za vijana nilizohudhuria kaunti hii, helmeti tano ambazo mtu yeyote mwenye macho angeona zimekatwa. Tano hizo ni nilizoziona mimi, mama anayesimama pembeni na chupa ya chai. Refa anayesimama katikati ya uwanja ameona ngapi?

2. Kanuni inasema ni "jukumu la mchezaji". Mchezaji gani?

Haya ndiyo maneno niliyosaini. Kanuni inaweka wajibu wa kuvaa helmeti ya kiwango juu ya kila mchezaji mmoja mmoja. Kwa mtu wa miaka 25 nakubali. Ana kazi, ana fedha, ana macho, akiamua kukata chuma ni shauri yake na uso wake. Lakini kanuni hiyo hiyo mnaisoma vivyo hivyo kwa mtoto wa miaka 12 aliyevishwa na kocha helmeti ya klabu kutoka kwenye mfuko wa klabu. Katibu aliniambia kwa simu, kwa upole, namshukuru kwa upole wake, kwamba "kikanuni" mwanangu alipaswa kuikagua kabla ya kuivaa.

Nilimwomba arudie, nikidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

Sasa naomba kuuliza: mtoto akikataa helmeti aliyopewa na kocha mbele ya wenzake, kwa hoja ya kiwango cha I.S. 355, mtamsifu? Au ataambiwa asilete ukaidi na akakae benchi?

3. Mfuko wa fidia.

Hili nalipitia haraka kwa sababu fedha si kiini. Mfuko wa GAA wa majeraha ya wachezaji haulipi mtu aliyeumia kichwa akiwa na helmeti isiyofikia kiwango, na iliyokatwa haifikii. Kwa hiyo aliyekata chuma hajulikani, aliyeiweka mfukoni hajulikani, aliyemvisha mtoto anajulikana lakini hana kosa, na aliyeumia ndiye aliyekosa haki. Gharama nilizilipa mwenyewe kwa zamu za usiku. Sizidai kwenye barua hii.

4. Kesi ya mpira mliimaliza ndani ya siku tisa.

Hapa ndipo uvumilivu wangu ulipokatika, kwa hiyo mnisamehe nikikaa kidogo.

Mwezi wa Julai, timu mbili za watu wazima za daraja la chini zilicheza kaunti hii hii. Moja ilishinda kwa pointi moja. Walioshindwa wakadai kwamba mipira iliyorushwa na wale waokota mipira wa nyuma ya goli haikuwa ile iliyoidhinishwa, kwamba kipa wa wenyeji alikuwa na mipira yake anayoipenda, na kila akitaka kuanzisha mpira alipewa hiyo. Wakaondoka na mmoja kama ushahidi. Wakaleta pingamizi kwa maandishi.

Siwacheki. Najua mpira ni jambo zito kwenu, na baada ya kesi ile nikaelewa ni kwa nini. Kanuni inataka uwe na uzito wa gramu 110 hadi 116, na kipenyo cha milimita 69 hadi 72 bila kuhesabu mshono. Mshono nao umepimwa: usiinuke chini ya milimita 2 wala kuzidi 2.8. Hata unene wa ngozi umeandikwa. Mpira mwepesi kidogo unafika mbali kidogo, na kipa anayejua mpira wake unafika wapi amekwisha kupata faida. Mwanangu alipoyasikia hayo alichukua mipira yake mitatu, akaiweka kwenye mizani yangu ya kupimia unga wa maandazi. Wa kwanza gramu 113. Wa pili 115. Wa tatu, uliolala nje kwenye mvua, ulizidi 120. Alifurahi sana. Nilimwangalia akiwa ameinama juu ya mizani, na lile kovu limekaa pale chini ya jicho kama uzi uliosahauliwa na fundi cherehani, nikasema moyoni: kumbe watu hawa wanajua kupima.

Kesi ya mpira mliisikiliza siku ya tisa. Mliwaita viongozi wa pande zote mbili na refa. Mpira uliletwa mezani, ukapimwa mbele yenu, klabu ikatozwa faini, na barua ya kuzikumbusha klabu zote kuhusu mipira halali ikatoka wiki hiyo hiyo. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri, fupi, haina maneno ya kuzungukazunguka. Siku hizi kuna hata mpira wenye chipu ndani, afisa anausogezea simu na kujua kama ni halali.

Ndugu wajumbe, mliweza. Ndicho kinachoniuma. Ningejua hamna uwezo ningewaonea huruma. Lakini mlipoambiwa pointi moja imepotea, mlikaa kikao, mkaita mashahidi, mkatoa uamuzi na kuandika barua, vyote ndani ya siku tisa. Mlipoambiwa mtoto nusura apoteze jicho, miezi saba, na helmeti yenyewe hakuna hata mmoja wenu aliyeomba kuiona.

5. Mnaadhibu mkono wa jirani, mnauacha msumeno.

Nchi nzima inakumbuka mwaka 2017. Tadhg de Búrca, mchezaji wa kaunti ya Waterford, alipewa kadi nyekundu kwenye robo fainali ya ubingwa wa Ayalandi nzima dhidi ya kaunti ya Wexford kwa kushika kinga ya uso ya mpinzani. Akakata rufaa, akashindwa, akaikosa nusu fainali dhidi ya Cork. Katika nusu fainali hiyo mwenzake, Austin Gleeson, alimvua mpinzani helmeti, hakuadhibiwa, akacheza fainali, na watu walibishana kwenye redio na kwenye baa kama vile ni uchaguzi mkuu. Mimi sijui sana nani alionewa. Ninachokiona ni kwamba kuivuta kinga ya uso ya mwenzio ni kosa la kutolewa uwanjani, kwa sababu kinga hiyo inalinda uso. Sawa kabisa. Basi anayeikata kwa msumeno nyumbani kwake, kisha akairudisha kwenye mfuko wa watoto, yeye ameifanyia nini?

6. Magongo.

Kwa ufupi. Tangu 2012, ugonjwa unaoua miti ya ash ulipogunduliwa Ayalandi, miti hiyo ambayo ndiyo mama wa magongo inakufa, na watu wanahamia kwenye mianzi na vitu vya kutengenezwa kiwandani. Wazazi wanauliza lipi linafaa kwa mtoto, hawajibiwi. Kila kocha ana fatwa yake. Bapa linatakiwa lisizidi sentimita 13 pale penye upana zaidi, na sijawahi kuona mtu akilipima kwenye mechi ya watoto. Zaidi ya upana, angalieni ule mkanda wa bati unaozungushwa kwenye bapa lisipasuke. Ukilegea unachomoza kona kali. Mwezi uliopita niliuona mmoja umeshikiliwa na msumari uliotoka nje kama jino. Nilimwonyesha kocha, akaupigilia kwa jiwe, mechi ikaendelea.

MTAKAYOJIBU

Najua mtasema kamati yote ni watu wa kujitolea. Ni kweli. Nimewaona mkikata nyasi saa moja asubuhi na kubeba milingoti kwenye mvua, na wanangu wawili wanakula matunda ya jasho hilo. Lakini hata waliopima mpira walikuwa wa kujitolea.

Mtasema refa hakuandika chochote kwenye ripoti yake, na bila ripoti ya refa hakuna kesi. Refa hakuandika kwa sababu hakukagua, na hakukagua kwa sababu hakuna aliyemwambia akague. Hapo mnanizungusha kwenye duara ambalo nyinyi ndio mliolichora.

Mtasema refa si fundi wala mhandisi. Hakuna anayehitaji uhandisi. Watoto wakijipanga mstari kabla ya mpira kurushwa, mtu mmoja anapita, anaangalia kibandiko ndani, anapitisha vidole kwenye vyuma, anavuta kamba ya kidevuni. Nimejaribu na watoto wa timu yetu, kwa ruhusa ya wazazi wao. Kwa watoto 20 nilitumia dakika sita, na wawili kati yao walikuwa wanacheka muda wote na kunichelewesha.

Mtasema vyuma vinazuia kuona. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko mengine, kwa sababu niliivaa helmeti nzima ya mwanangu sebuleni na kweli kuna chuma kinachokatiza mbele ya macho. Ukiwa mzoefu hukioni. Ukiwa mgeni kinakukera. Basi mwambieni mtengenezaji. Wapelekeeni NSAI malalamiko ya wachezaji, kiwango kikaangaliwe upya na wanaojua. Dawa ya dirisha dogo si kubomoa ukuta.

Na mtasema helmeti ni ghali. Ni kweli pia. Ile niliyomnunulia mwanangu baada ya ajali ilinigharimu euro 80, na ndugu yake anayemfuata anaisubiri kwa hamu ikimbana kaka. Familia yenye watoto watatu inaumia. Ndiyo maana mfuko wa klabu upo, na ndiyo maana unatakiwa uwe mahali salama kuliko pote. Siyo dampo la helmeti ambazo wakubwa wamezikata na kuzichoka.

NINACHOKIOMBA

Kwanza, kabla ya msimu ujao kuanza, kila klabu ya kaunti hii imwage mfuko wake sakafuni na kukagua helmeti moja moja. Iliyokatwa, iliyobadilishwa kinga, isiyo na kibandiko, itolewe na iharibiwe kabisa, isirudi kwa mlango wa nyuma. Namaanisha ivunjwe. Ikiachwa nzima kuna mtu ataihurumia.

Pili, kila mechi ya watoto ianze na ukaguzi ule wa dakika sita, na ripoti ya refa iwe na mstari wa kusema umefanyika. Mtoto mwenye helmeti mbovu apewe nzima papo hapo ili acheze; asiaibishwe, na timu yake isinyang'anywe pointi kwa kosa la mtu mzima.

Tatu, andikeni wazi kwamba mtoto akivishwa kifaa cha klabu, wajibu wa kifaa hicho ni wa klabu. Kama kanuni ya GAA haiwaruhusu kusema hivyo, basi pelekeni hoja kwenye mkutano mkuu ibadilishwe. Njia ya kufanya hivyo mnaijua kuliko mimi. Na fomu za usajili, pale panapohusu helmeti na fidia, zielezwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Kwa Kiswahili nitatafsiri mimi mwenyewe, bure, na nimeshapata mama wa Kipolandi na baba wa Kibrazili walio tayari kwa lugha zao.

Nne, nisikilizwe. Siombi mtu afukuzwe. Kocha yule bado namheshimu, alilia kuliko mimi siku ile, na mwanangu bado anacheza chini yake. Ninataka tu kikao kama kile cha mpira, chenye meza, mashahidi, na uamuzi ulioandikwa.

Kikao chenu cha kawaida ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa mbili usiku. Ujao nitakuwepo, mkinialika au msiponialika. Nimeshabadilishana zamu na mwenzangu. Nitakuja na ile helmeti nyekundu. Ipo juu ya kabati la jikoni, ndani ya mfuko wa plastiki, na sikuifuta. Nitaiweka mezani pale mlipouweka mpira, na kila mmoja wenu nitamwomba kitu kimoja tu, apitishe vidole vyake katikati ya vyuma.

Wenu katika mchezo,

Mama wa mchezaji namba 11